Pumzi Nyuma ya Mlango

Tarehe 3 Machi

Mvua za masika zimeanza leo, na kazi ikasimama. Chumba cha sauti kina trei za mayai kuta zote na godoro kuukuu mlangoni, lakini juu ni bati, na bati halina adabu. Mjomba alikaa kwenye kiti chake, hedifoni shingoni, akiitazama dari kama mtu aliyekatizwa na mgeni mwenye maneno mengi.

Mama, ulinipa daftari hili ukasema, kama kusema kunakushinda, andika. Haya, naandika. Uko mbali na kazi yako, nami niko huku kwa kaka yako kwa ajili ya shule, kwa hiyo nitakueleza kila kitu kama vile hujui.

Mjomba anatia filamu sauti. Filamu inakuja na Kiingereza chake, yeye anakipunguza kiwe cha mbali, kisha anawasemea wote kwa Kiswahili: bwana, bibi, polisi, mtoto, hata mbwa. Sauti moja tu, nzito, mtaa mzima unamwita Ngurumo. Filamu zake zinaonyeshwa kwenye banda la video lililo nyuma ya soko, zinauzwa, zinakopiwa, zinachezwa kwa kinyozi kuanzia asubuhi. Mimi namsaidia pale Kiingereza kinapokuwa kigumu. Namwandikia pembeni. Hatupatani, kwa sababu mimi natafsiri na yeye anatunga.

Tangu mwisho wa mwaka sauti yake inakwaruza. Mkaza mjomba amemlazimisha aende hospitali. Alichukuliwa kinyama kidogo kooni, na majibu bado.

Tarehe 5 Machi

Filamu ya sasa ni ya mizuka. Dada wawili wamerithi nyumba, na mwisho wa korido kuna mlango ambao haufunguki. Ndiyo hiyo tu. Kuna bibi kizee anayesimama kwenye ngazi na kuwaambia, taratibu kabisa, kwamba watoke nyumbani kwake. Niliyaandika maneno yake hivyo hivyo. Mjomba akayasoma, akaiweka karatasi pembeni, akamsemea yule bibi: "Nimetoka kupiga deki sasa hivi, na nyinyi mnaingia na viatu?"

Nilicheka mpaka Chiriku akaja kuchungulia. Chiriku ni binti yake, ana miaka mitano, na jina hilo hakulipata bure: akiamka asubuhi mdomo unatangulia miguu.

Mjomba ana sheria moja tu ya kazi: usiache kimya. Kwenye filamu za mizuka kuna sehemu ndefu ambapo hakuna anayesema, mtu anatembea tu kwenye giza. Hapo ndipo yeye huongea zaidi. Anamwonya dada mtu, anamsema vibaya fundi aliyefunga ile taa, anauliza watu hawa hawana majirani. Anasema kimya kikiingia bandani watu wanaanza kuzisikia nyumba zao, na mtu akishaisikia nyumba yake hatoki tena kurudi kwenye filamu.

Tarehe 6 Machi

Mvua. Hakuna kazi.

Tarehe 8 Machi

Nimefanya jaribio. Nimeiangalia filamu ile peke yangu bila maneno ya Mjomba, saa nne asubuhi, dirisha wazi, nikimsikia Mkaza mjomba akifua. Niliogopa mchana kweupe. Halafu nikazima sauti nikabaki na picha: bibi kizee mwenye unga usoni, basi, ningeweza kumwamkia. Halafu nikafumba macho nikabaki na sauti: mbao za sakafu, maji mahali fulani, halafu hakuna kitu, halafu hakuna kitu bado. Nikaivua hedifoni.

Kwa hiyo nadhani woga wa filamu hizi unaingilia masikioni. Macho ukichoka unayafumba. Masikio Mungu hakuyapa kope.

Tarehe 9 Machi

Majibu yametoka. Daktari amesema uvimbe umekaa kwenye kisanduku cha sauti chenyewe, na kuukwangua hakutoshi. Watakitoa chote. Watamtoboa tundu chini ya koo, na atapumua kwa hilo tundu maisha yake yote. Hatasema tena.

Mkaza mjomba alituambia akiwa amesimama, akishikilia mgongo wa kiti. Mjomba alikuwa anakata kucha. Alisema afadhali, amewasemea watu wa watu miaka yote hii bila asante, sasa wajisemee. Hakuna aliyecheka isipokuwa Chiriku, ambaye hucheka sauti hiyo ikifika mwisho wa sentensi, hata asipoelewa.

Mchana mvua ilikatika, akaniita chumba cha sauti. Alirekodi hadi koo likawa linatoa hewa tu. Alifika pale dada mdogo anaposimama mbele ya ule mlango, mkono umeinuliwa. Akazima. Akasema, "Mpwa wangu, hapo palipobaki ni pako."

Nikamwambia mimi siwezi, anajua hata kujibu darasani siwezi. Akasema anajua.

Tarehe 10 Machi

Wamempeleka.

Tarehe 12 Machi

Upasuaji umekwisha. Anaishi. Mkaza mjomba analala huko.

Tarehe 17 Machi

Leo nimekwenda na Chiriku kununua sabuni. Tulipofika kwa kinyozi tukamsikia Mjomba.

Nilisimama kama nguzo. Alikuwa anafoka kwa sauti yake nzima, ile ya zamani ya kutikisa vikombe, akimwambia mtu ashushe silaha kabla hajashushwa yeye. Kisha akacheka. Ilikuwa filamu ya polisi ya mwaka juzi, inacheza kwenye televisheni ya ukutani, na mteja chini yake kajaa povu. Nilijua. Nilijua tangu neno la kwanza, na bado nywele za mikono zilisimama, kwa sababu nilijua vilevile kwamba saa ileile mwenye sauti alikuwa kitandani na bomba shingoni.

Chiriku hakushangaa. Aliipungia televisheni mkono. Njiani alinieleza kwamba baba kumbe hayuko hospitali, yuko kwa kinyozi, anafanya kazi.

Sikumsahihisha. Nilidhani ni mzaha wa kitoto.

Tarehe 25 Machi

Amerudi. Ngoja niandike taratibu.

Amekonda. Amevaa kitambaa cheupe shingoni kama aproni ya mtoto, na nyuma ya kitambaa ndiko anakopumulia. Pumzi inaingia na mluzi mwembamba, inakaa, inatoka na unyevu, kama mtu anayenyonya maji ya mwisho ya glasi. Ukiwa chumba kimoja naye unaisikia muda wote. Ukiwa chumba cha pili unaisikia zaidi.

Kucheka anacheka, mabega yanapanda na kushuka, lakini hakuna kinachotoka. Kuongea anaandika kwenye simu. Akitaka kuitikia anagonga meza: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Alifurahi kuniona. Aliandika: *Umefungua mlango?* Nikatikisa kichwa. Akagonga mara mbili, kama mwalimu.

Chiriku alikuwa amevaa gauni la kutokea. Alikimbia kutoka jikoni, akafika katikati ya sebule, akasimama. Mjomba alinyoosha mikono. Mdomo wake ulifunguka ukatengeneza jina la mtoto, nililiona kabisa, lakini kilichotoka ni ule mluzi wa shingoni, na kitambaa kikapepea.

Chiriku alirudi kinyumenyume hadi ukutani. Hakulia. Aliuliza, kwa heshima kabisa, kama anavyofundishwa kuuliza wageni: "Umemwacha wapi baba?"

Tarehe 27 Machi

Mtoto hajui kusoma. Ndiyo shida yenyewe. Sisi wote tunaisoma ile simu, tunamsikia Mjomba kwa macho, hata mizaha yake inatufikia. Kwa Chiriku anabaki mtu anayefungua mdomo na kutoa upepo. Mkaza mjomba anamsomea: baba anasema hivi, baba anakupenda. Chiriku anasikiliza, kisha anasema hiyo ni sauti yako wewe mama.

Kila asubuhi anaomba kwenda kwa kinyozi.

Tarehe 28 Machi

Mvua mchana kutwa. Bati likilia hatuisikii pumzi. Nimeona kwamba wote tunapumzika mvua ikinyesha, na nimeona kwamba Mjomba naye ameliona hilo.

Tarehe 30 Machi

Hili sitaki mtu alisome ila wewe, Mama.

Mimi pia namwogopa. Leo Mkaza mjomba alinipa kopo la maji ya moto nimpelekee chumbani kwa ajili ya kusafisha tundu. Nilifika mlangoni. Ndani nikasikia: mluzi, kimya, unyevu. Mluzi, kimya. Na kile kimya cha katikati kilikuwa kirefu kidogo kuliko kawaida. Mkono niliuinua kugonga ukabaki hapohapo. Niliweka kopo chini nikaondoka kwa ncha za vidole. Maji yalipoa. Alikuja kuyachukua mwenyewe, akapita karibu yangu, hakuandika kitu.

Nilipokuwa nimekaa na aibu yangu nikakumbuka nilikoiona ile picha: msichana mbele ya mlango, mkono umeinuliwa.

Nimeandika kwamba woga unaingilia masikioni. Sasa naona hiyo ni njia tu, si asili. Mwizi anatoka nje, simba anatoka nje, na ukiwakuta unajua pa kukimbilia: ndani. Mzuka unatoka ndani. Unavaa nguo za mtu wa nyumba hiyo, unajua kikombe chake kiko wapi, unakaa kwenye kiti chake. Kitu kimoja tu kimepungua, na kila mtu anakijua, na hakuna wa kumuuliza. Ndiyo maana bibi kizee yule anatisha. Angekuwa na pembe, afadhali.

Na Mjomba anakunywa kwenye kikombe chake cha bluu kama siku zote.

Tarehe 1 Aprili

Chiriku ameacha kuongea akiwa nyumbani. Nje anaongea, akivuka kizingiti ananyamaza. Sasa nyumba nzima ina sauti moja tu, nayo ni ile pumzi.

Tarehe 4 Aprili

Mwenye banda amekuja, mtu mnene mwenye miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Alimpa Mjomba pole ndefu na ya kweli, kisha akakohoa akaingia kwenye neno. Ametangaza filamu ya mizuka tangu Februari. Watu wanaulizia nusu ya pili. Kama haipo, kuna kijana mjini anayeweza kuianza upya, ila itabidi afute yote, hata ile nusu ya Ngurumo.

Mjomba alininyooshea kidole. Mwenye banda akanitazama juu ya miwani. Aliuliza kwa upole kama mimi huwa naongea. Mkaza mjomba akajibu kutoka jikoni kwamba huwa ninaongea nikiwa na homa.

Baada ya kuondoka Mjomba aliandika: *Ile nusu ni kazi yangu ya mwisho. Chiriku ataisikiliza akiwa mkubwa. Usikubali ifutwe.*

Kisha nikagonga meza, mara moja.

Tarehe 5 Aprili

Mvua.

Tarehe 6 Aprili

Mvua. Nimefanya mazoezi ndani ya kabati la nguo.

Tarehe 8 Aprili

Leo saa nane mchana mbingu zilifunga bomba ghafla. Mjomba aligonga ukuta wa chumba changu, tukakimbilia chumba cha sauti kama watu wanaowahi nguo kwenye kamba.

Alikaa kando yangu, kwenye kigoda, kichwa chake usawa wa maiki. Nilianza vibaya. Nilikuwa najaribu kuwa Ngurumo. Nilishusha sauti, nikatia mzaha wa mafundi na taa, nikawa kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Aligonga mara mbili. Nikaanza tena. Mara mbili. Mara ya tatu nilimwambia mbona nafanya anavyofanya yeye, najaza kila mahali, ndiyo sheria yake.

Aliandika muda mrefu. Nilikuwa karibu naye kuliko siku zote tangu arudi, na ile pumzi ilinipiga mkononi, ya vuguvugu. Sikutegemea ingekuwa ya vuguvugu. Kisha akanipa simu.

*Nilikuwa najaza kwa sababu mimi mwenyewe naogopa. Tangu utoto. Nikinyamaza nasikia. Wewe umezoea kunyamaza. Iache kama ilivyo.*

Nilicheka, yeye mabega yakapanda na kushuka. Ngurumo, ambaye mtaa mzima unadhani hana moyo wa kutishika.

Basi nikawasemea wale dada kwa sauti yangu, hii hii ndogo. Yule bibi kizee nilimsemea karibu kwa kunong'ona. Na tulipofika mbele ya mlango Mjomba alinyanyua kiganja: hapa usiguse. Dada mdogo anasimama. Mkono umeinuliwa. Hakuna anayesema, hakuna muziki, nyuma ya mlango hamna hata panya. Nilikaa na kile kimya hadi mwisho, nikiwa nimebana pumzi yangu.

Tulipoisikiliza ndipo tukaligundua kosa. Nilibana pumzi yangu. Yake haibaniki. Alikuwa ameinama kuangalia kioo cha kompyuta, shingo yake ikawa mbele ya maiki, na maiki ikala yote. Msichana anainua mkono, na nyuma ya mlango kitu kinavuta hewa. Mluzi. Kimya. Unyevu.

Nilitaka kufuta palepale. Sikuthubutu kumwangalia, kwa sababu sidhani kama alishawahi kujisikia kutoka nje, kama tunavyomsikia sisi. Nikashika kipanya ili turudie, na wakati huohuo tone la kwanza likaanguka kwenye bati, la pili, kisha ndoo nzima.

Mjomba alikuwa ametulia, hedifoni masikioni. Aliirudisha nyuma akasikiliza tena. Machozi yalimlengalenga, lakini hayakushuka. Kisha akagonga meza.

Mara moja tu.

Tarehe 12 Aprili

Leo mchana imeonyeshwa. Banda lilijaa mpaka wengine wakakaa kwenye ndoo. Mjomba hakutaka kuja, Mkaza mjomba akamvuta. Chiriku alikubali kuja alipoambiwa baba ataongea kwenye filamu. Alikaa benchi la mbele na mimi. Mjomba alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango, kitambaa kimefungwa vizuri.

Nusu ya kwanza watu walicheka kama zamani. Ngurumo alipowauliza wale dada kuhusu viatu, fundi baiskeli mmoja alianguka na kiti. Chiriku alikuwa anang'aa. Alinikumbusha kila mara: huyo ni baba, huyo tena ni baba.

Kisha sauti ikabadilika ikawa yangu. Mtu akauliza kwa nguvu nani kamwachia mwanafunzi filamu. Wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na benchi. Lakini kicheko hakikupata pa kukaa, kwa sababu mimi sikukijibu. Kimoja kikafa, kingine kikafa. Nilizisikia kuta za bati, nikamsikia mtu nyuma akimeza mate. Banda zima lilikuwa limeanza kuisikia nyumba yake.

Msichana akafika mlangoni. Akainua mkono.

Pumzi ikaja.

Sijawahi kusikia watu wazima wengi namna ile wakivuta hewa pamoja. Mama mmoja alijifunika mtandio. Fundi baiskeli alimshika mkono mtu asiyemjua. Mluzi, na kimya, na hakuna aliyetaka kijacho. Hata mimi niliyekuwepo, niliyekaa kando ya ile shingo, nilihisi maji ya baridi mgongoni.

Chiriku alisimama juu ya benchi.

Alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza anaitwa kutoka mbali. Aligeuka taratibu akatazama nyuma, juu ya vichwa vyote, hadi mlangoni. Pumzi ilikuja tena kwenye spika, na kwenye kile kimya baada yake wote tukaisikia mara ya pili, ndogo, ya kweli, kutoka mwisho wa banda. Watu wakapiga kelele. Mmoja alitoka kupitia dirishani.

Chiriku akasema, kwa sauti yake ya zamani ambayo haijui kunong'ona, "Si mzuka. Huyo ni baba anapumua."

Alishuka. Akapita katikati ya magoti ya watu, akafika kwa Mjomba, akakifunua kitambaa kwa vidole viwili akachungulia, kama mtu anayeangalia ndani ya redio. Akauliza kama ni yeye aliyekuwa nyuma ya mlango.

Mjomba aligonga benchi mara moja.

Chiriku alifikiri. Akapanda mapajani kwake, akauliza tena, ili ahakikishe. Mara moja. Hakuna aliyeangalia mwisho wa filamu.

Tarehe 13 Aprili

Mwenye banda anataka nyingine. Kinyozi ameniamkia.

Tarehe 15 Aprili

Chiriku anawatisha watoto wa jirani. Anajificha nyuma ya matangi ya maji, anapiga mluzi kwa meno, kisha anatokea na kuwaambia baba yake ndiye anayetisha kuliko baba zao wote. Jioni nilimpelekea Mjomba kopo la maji. Niligonga mlango. Nikaingia.

Tarehe 24 Aprili

Mvua zimekatika. Mjomba na Mkaza mjomba wameenda kliniki tangu alfajiri. Chiriku nilimwacha kwa jirani, nikarudi kutoka shule nikajilaza. Saa tisa, jua kali, bati linapasuka pasuka kwa joto, mtaa umelala.

Niliisikia pumzi kwenye korido. Mluzi, kimya, unyevu. Nimeizoea, siku hizi nikiisikia ndipo napata usingizi. Nikageukia ukutani. Nilikuwa nimeshaanza kuzama nilipokumbuka kwamba Mjomba hayupo.

Mama, sikupumua. Yenyewe iliendelea. Ilikuwa nje ya mlango wangu, chini kidogo, usawa wa kitasa. Niliwaza yote niliyoyaandika humu kuhusu masikio na mizuka, hakuna lililonisaidia. Nikaamka. Nikafika mlangoni na mkono nimeuinua, na nikajua kwamba nikisimama hapo sana sitafungua kamwe. Nikafungua.

Chiriku alikuwa amekaa kwenye kigoda cha baba yake katikati ya korido, mgongo wima, kitambaa cha jikoni kimefungwa shingoni. Kumbe alitoroka kwa jirani. Nilimuuliza anafanya nini. Alininyanyulia kiganja ningoje, akaimaliza ile pumzi mpaka mwisho.

"Nyumba ilikuwa kimya," akasema. "Nimemshikia baba zamu."

Nikakaa sakafuni karibu naye. Akanionyesha ulimi unakaa wapi ili mluzi utoke mwembamba. Tukapumua hivyo wote wawili, mimi nikivuta yeye akitoa, mpaka mlango wa nje ulipogongwa, mara moja.